Tangi Bila Samaki

Kila aliyeingia sebuleni kwangu msimu ule aliuliza swali lilelile kabla hata ya kuketi: "Samaki wako wapi?" Aliuliza jirani aliyekuja kuazima ungo, akauliza mchungaji aliyekuja kumwombea baba, akauliza mwalimu mwenzangu wa historia, ambaye kwa kawaida hana ugomvi na mambo yaliyokwisha kufa. Mbele yao palikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda cha mtu mzima, limejaa maji, mchanga na mawe, pampu inanguruma polepole, taa inawaka, na ndani hakuna kiumbe. Nilikuwa nawajibu, "Wako njiani." Walitazamana. Nkuhungu nzima ilishajua kwamba mwalimu wa baiolojia amenunua televisheni ya maji isiyo na picha.

Wengine walisema wazi kwamba ni kufuru. Dodoma hii, yenye mgao wa maji, mtu anajaza maji kwenye kioo na kuyatazama! Niliwaambia wayatazame na wao, kutazama ni bure.

Tangi lile lilikuwa la baba. Baba alizaliwa ufukweni karibu na Kigoma, akaajiriwa reli akiwa kijana, na reli ikamsogeza kituo baada ya kituo mpaka ikamwacha Gulwe. Pale akawa mnyapara wa genge la kutengeneza njia, akamwoa mama yangu kutoka Kibakwe, akatuzaa sisi wawili, mimi na kaka yangu, na kila mwaka akasema mwakani atakwenda kwao kutembea. Alipostaafu bado alikuwa anasema. Mama alipofariki nilimchukua nikakaa naye Dodoma, na kufikia wakati ninaousimulia moyo wake ulikuwa umechoka, miguu inavimba, na daktari alikuwa amepiga marufuku safari ndefu za aina yoyote.

Asubuhi moja, uji ukiwa mezani, alisema, "Mama, kabla sijaondoka ningependa niwaone tena wale samaki wa manjano." Baba aliniita mama tangu nikiwa mtoto, maana nina jina la mama yake. Nilidhani anataka kitoweo. Akacheka. Alisema wale si wa kula, ni wadogo kama kidole, na alipokuwa mtoto alikuwa analala kifudifudi juu ya mwamba, kidevu kikigusa maji, anawatazama wakiingia na kutoka kwenye mawe. Ziwa la kwao ni safi, jiwe lililo chini kabisa unaliona kama liko kiganjani. Alisema hivyo, kisha akaendelea na uji wake.

Kaka yangu, aliyeko Dar es Salaam, alitaka tumpakie tu baba kwenye ndege liwalo na liwe. Daktari akakataa, nami nikakataa pamoja naye. Nikasema kama baba hawezi kwenda ziwani, ziwa litakuja Nkuhungu. Na mimi nikishasema, nimesema. Wanafunzi wangu wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyoijua mada ya ikolojia.

Fundi wa vioo alitengeneza tangi, tukalijaza kwanza uani likae hadi tulipohakikisha halivuji, ndipo likaingizwa ndani na kuwekwa juu ya meza ya chuma iliyochomelewa kwa kazi hiyo. Mawe niliyaokota kwenye vilima vyetu, nikayasugua kwa brashi na maji matupu. Baba aliketi kwenye kiti chake akiwa na fimbo, akaanza kunisimamia kama vile bado yuko kazini. "Lile kubwa liende kushoto. Hapana, kushoto kwangu. Jiwe likae chini kwanza, mchanga uje baadaye. Ukilaza jiwe juu ya mchanga, wale samaki watachimba, nalo litawaangukia." Nilipanga, nikapangua, nikapanga. Alipotulia na kusema "Hapo," mgongo wangu ulikuwa umekufa, lakini sebule yangu ilikuwa na kipande cha pwani ambayo sijawahi kuiona.

Maji ya Dodoma kila mtu anayasema vibaya. Ni mazito, yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, sabuni inagoma kutoa povu. Kumbe kwa samaki wa ziwa lile ndiyo maji yenyewe, maana na kwao maji ni magumu hivyohivyo. Kilichokuwa kibaya ni dawa inayotiwa kuua vijidudu. Kwa hiyo nilikuwa nayakinga kwenye mapipa ya wazi, napulizia hewa kwa pampu mpaka harufu ya dawa iishe, ndipo nayamimina. Maji yakawa tayari. Kaka akapiga simu: "Haya, sasa weka samaki."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, kwa sababu maji safi hayatoshi.

Nitaeleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Samaki anakula, anapumua, anajisaidia, vyote ndani ya chumba kimoja kisicho na mlango. Kile anachotoa kinakuwa amonia, nayo ni sumu inayomchoma matamvua mpaka ashindwe kupumua. Ziwani amonia inapotea katika maji mengi. Kwenye tangi inarundikana. Mungu ameweka bakteria wanaoila, lakini wakishaila wanatoa sumu ya pili inayoitwa naitraiti. Wapo bakteria wengine, wavivu zaidi wa kuzaliana, wanaoila hiyo ya pili na kuibadilisha kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hawaelei hovyo. Wanajishikiza kwenye mchanga, kwenye mawe, na zaidi ya yote kwenye sponji ya chujio, wanaifanya iwe na utelezi wa rangi ya udongo. Tangi jipya halina hata mmoja wao. Inabidi uwalishe na kuwasubiri wiki kadhaa, kabla samaki hajatia pezi. Ukiwaruka, umewajengea samaki jela ya sumu yenye taa nzuri.

Utawalishaje bakteria wakati samaki hakuna? Unaozesha kitu. Nilikwenda soko la Majengo, nikamwambia mama muuza dagaa kwamba nataka dagaa wa Kigoma wasiotiwa chumvi. Akanichagulia wazuri wenye kung'aa. Nikamwambia hata wa chini ya gunia wanafaa, nakwenda kuwaozesha. Alinikagua kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akanifungia kimyakimya. Nyumbani niliwatia kwenye soksi kuukuu ya nailoni, nikafunga fundo, nikaitumbukiza nyuma ya jiwe kubwa.

"Kwa hiyo samaki wa kwanza kufika kutoka kwetu," alisema baba, "wamekuja wakiwa wakavu, na ndani ya soksi."

Alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya moyo wake.

Nilikuwa na dawa ya matone ya kupimia. Unachota maji kidogo kwenye kichupa, unadondosha, unatikisa, unasubiri rangi. Amonia ikiwepo kichupa kinakuwa kijani, isipokuwepo kinabaki njano. Kazi ya kusoma rangi aliichukua baba. Alikuwa anakiinua kichupa dirishani na kufumba jicho moja. "Kwetu relini, njano ilikuwa tahadhari," alisema. "Huku kwenu ndiyo ruhusa?" Nikamwambia huku kwetu njano ndiyo ruhusa. Basi kila asubuhi alikuwa anatangaza, "Bado kijani. Hapiti mtu."

Maji yakawa na ukungu, sponji ikaanza kubadilika rangi, sebule ikaanza kunuka. Sikujali. Kijani kilikuwa kinapauka siku hadi siku, na kichupa cha kupimia ile sumu ya pili, ambacho kikiwa salama huwa samawati, kilikuwa kimeanza kugeuka zambarau, maana yake bakteria wa kwanza wapo kazini. Nilitembea shuleni kama mtu aliyepandishwa cheo.

Miguu ya baba nayo ilikuwa inavimba zaidi. Kaka alikuwa anapiga simu kila jioni na swali lake moja, "Mzee ana muda gani?" Nilijua anachouliza. Kama ningechelewa, baba angekufa akiwa anatazama maji matupu. Kama ningewahi, angetazama samaki wa utoto wake wakifa mmoja mmoja mbele ya kiti chake. Mimi nilikuwa nimeamua, ila usinidhanie kwamba nilikuwa nalala vizuri.

Katikati ya hayo shangazi akaja. Shangazi ni mdogo wa baba, walikuwa wamebaki wao wawili tu katika watoto wa tumbo lile, na alipanda treni kutoka Kigoma kuja kumwona kaka yake. Nilimpokea stesheni, nikampigia magoti, "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwanangu. Umenenepa, Mungu ni mwema." Alifika nyumbani, akamshika baba mikono yote miwili, wakakaa hivyo muda mrefu wakizungumza Kiha kwa sauti ya chini. Kisha akanusa. Akanitazama. Hakusema neno, kwa kuwa alikuwa mgeni.

Wenyewe husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shangazi hasubiri kupewa. Siku ya tatu nilipokwenda kufundisha, aliamka akafagia uwanja, akafua mapazia, akapalilia mchicha wangu, na baba alipomeza dawa zake akasinzia, yeye akageukia sebule.

Nilirudi mchana nikiwa na njaa. Harufu niliyokutana nayo mlangoni ilikuwa ya sabuni ya unga. Tangi liling'aa. Maji yalikuwa meupe, maangavu, mapya, yametoka bombani moja kwa moja kwa mpira wa kumwagilia. Mawe yalikuwa yamesuguliwa kwa steliwaya. Soksi ilikuwa imetupwa. Na nje, kwenye kamba, katikati ya mapazia yangu, sponji za chujio zilikuwa zimeanikwa juani zikiwa zimefuliwa, zimetiwa dawa ya kung'arishia nguo, nyeupe kama mkate.

Shangazi alikuwa amesimama pembeni, mikono imelowa, anangoja nifurahi.

"Kulikuwa na kitu kimeoza mle ndani, mwanangu. Mgonjwa hawezi kupona kwenye uvundo ule. Nimewatengenezea."

Sasa niambie, ungefanya nini? Angekuwa mtu mwingine ningempa maneno ambayo angeyasimulia kwao. Lakini shangazi ni baba aliyevaa kanga, na alichofanya ndicho ambacho mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri angefanya katika nyumba ya mgonjwa. Nilisema, "Asante shangazi, pole kwa kazi." Halafu nikaenda nyuma ya choo cha nje, nikalia kwa hasira, kilio kile cha kuuma kanga ili usisikike. Wiki zote zile zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba.

Baba aliniita. Alikuwa ameamka, ameketi kwenye kiti chake, anaangalia lile tangi linalong'aa.

"Umemsema shangazi yako?"

"Sijamsema, baba."

"Uso wako umemsema. Amekwenda chumbani kufunga mzigo wake. Baadaye utamweleza vizuri, kama unavyoeleza watoto wa watu. Kwanza nieleze mimi. Tumefika wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwa sababu baba hakuwahi kunilea kwa sukari. Nilimwambia tumerudi mwanzo kabisa. Kaka anasema tuagize samaki leo. Tukiwaweka sasa watakuwa wazuri kwa siku chache, kisha wataanza kuhema juu ya maji, kisha watageuka tumbo. Tukianza upya, itachukua muda, na wewe baba...

Nilishindwa kumaliza. Akanimalizia yeye, "Na mimi muda ndio sina."

Pampu ilikuwa imezimwa, sebule ilikuwa kimya kuliko nilivyoizoea.

"Unaukumbuka ule mwaka mto ulipokula tuta la reli pale Gulwe?" aliuliza baba.

Nilikumbuka. Gulwe mto unakula tuta kila mara, lakini mwaka ule ulikula hasa, reli ikabaki inaning'inia hewani na mataruma yake. Treni ya abiria ililala stesheni. Sisi watoto tuliona ni sikukuu, watu wengi, mama zetu wakiwauzia uji na viazi. Baba na genge lake walijaza tuta, wakashindilia, wakalaza reli. Ilipokamilika machoni pa watu, abiria walipiga makofi na kuanza kupanda. Baba akasema bado. Amri ya kuruhusu treni haikuwa yake, ilikuwa ya wakubwa, lakini wakubwa walimsikiliza yeye kwanza. Alipitisha kiberenge, akiwa peke yake juu yake. Kisha injini tupu. Kisha injini na mabehewa ya kokoto, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, naye akitembea pembeni ameinama anatazama tuta linavyokaa. Watu walimtukana siku ile. Nilisikia matusi ambayo sikuwahi kuyasikia.

"Kulikuwa na bwana mmoja mwenye koti," alisema baba, "alikuwa anawahi kumwona mama yake, hoi kitandani, huko Tabora. Alinishika shati hapa. Akasema, mama yangu akifa kabla sijafika, damu yake iko juu yako. Nikamwambia sawa. Nikaendelea kupitisha kokoto." Alinyamaza akapumua, siku hizo alikuwa anapumzika katikati ya sentensi. "Sijui kama alimkuta. Lakini alifika mzima, na wote waliokuwa mle ndani walifika wazima. Sijawahi kujutia."

"Baba..."

"Anza upya, mama. Mimi nitajitahidi kusubiri. Nikishindwa, hilo halikuhusu wewe. Ila sitaki kuwaona wakifa."

Nilikwenda chumbani kwa shangazi, nikamfungulia mzigo wake na kutoa nguo mojamoja. Nikamweleza habari za bakteria tangu mwanzo. Alisikiliza akiwa ameshika shavu. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo ule uchafu ndio ulikuwa mali?" Nikamwambia ndio, ule uchafu ndio uliokuwa mali. Akasema, "Yesu wangu," akainuka, akauliza uchafu mwingine unapatikana wapi.

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua. Uchafu unaweza kuazimwa. Tangi la zamani lenye samaki wazima, sponji yake imejaa bakteria hao hao, na ukiihamishia kwenye tangi jipya bila kukauka unaruka sehemu kubwa ya kungoja. Nilikuwa nimekwisha kuulizia mjini mwanzoni, nikaona aibu kuomba, nikasema nitasubiri kama watu wengine. Sasa aibu ilikuwa imekwisha. Katika kliniki moja ya meno mjini kulikuwa na tangi la miaka mingi, lenye samaki wanene wa rangi ya dhahabu wanaowasaidia wagonjwa wasahau kinachowangoja ndani. Tulisafisha tangi letu kwa maji matupu mpaka sabuni ikaisha kabisa, tukalijaza upya maji yaliyopumzishwa, nikanunua sponji mpya badala ya zile zilizokunywa dawa, na Jumamosi mimi na shangazi tukaingia kliniki tukiwa na ndoo.

Binti wa mapokezi aliuliza nani anang'oa.

"Hatung'oi," nilisema. "Tunaomba sponji ya chujio la samaki wenu."

"Sponji mpya zipo dukani hapo jirani, mama."

"Chafu, mwanangu," alidakia shangazi, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Ile chafu kabisa. Na tafadhali usituoshee."

Wagonjwa wote walitugeukia, hata mmoja aliyekuwa amevimba shavu. Daktari mwenyewe alitoka, nikamweleza, naye kumbe alikuwa mpenzi wa samaki, akaelewa kabla sijamaliza. Nilimuuliza kama samaki wake wamewahi kuugua karibuni, akasema hawajaugua. Alitukatia nusu ya sponji, nyeusi, yenye utelezi, inayonuka udongo wa mtoni, akaitumbukiza kwenye ndoo yetu pamoja na maji ya tangi lake. Nikaweka ndani pampu ndogo ya betri iendelee kuwapa hewa.

Ndani ya bajaji shangazi aliipakata ile ndoo. Alivua kanga yake ya pili akaifunika isipigwe na jua. Kila tulipokuta tuta la barabarani aliinyanyua kidogo, akaishusha. Dereva alimwona kwenye kioo.

"Bibi, umebeba vifaranga?"

"Ni uchafu," alisema shangazi. "Endesha taratibu."

Tuliweka ile sponji ndani ya chujio letu, ikibanana na mpya. Shangazi mwenyewe akaenda Majengo kununua dagaa, akarudi amekasirika kwamba wamempa wazuri mno. Akawafunga kwenye soksi yake. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekaribia tangi akiwa na kitambaa bila kupita kwake. Umeme ulipokatika, yeye ndiye aliyekimbilia pampu ya betri. Asubuhi baba akiinua kichupa dirishani, shangazi alikuwa nyuma ya bega lake akibishana naye kuhusu rangi.

"Hiyo ni njano."

"Ni kijani. Wewe macho yako yalikuwa mabovu tangu utoto."

"Yalikuwa mabovu, ila chupa za asali ulizokuwa ukinificha niliziona zote."

Walicheka kama watoto, baba akikohoa, shangazi akimpigapiga mgongo. Nilisimama mlango wa jikoni nikawaangalia, nikajua kwamba hata kama samaki hawatafika, kazi yangu haikwenda bure. Lakini sikusema hivyo kwa mtu, maana nilikuwa bado nataka samaki wafike.

Njano ilikuja, ikakaa. Kisha kile kichupa cha zambarau kikaanza kupauka, kikawa samawati nyepesi, nacho kikakaa. Sikuamini haraka. Niliweka dagaa wengine makusudi, nikapima kesho yake, na bakteria walikuwa wamekula kila kitu, njano palepale, samawati palepale. Huo ndio uliokuwa mtihani wa behewa la kokoto, na baba alinielewa bila kuambiwa. Nikatoa soksi, nikabadilisha sehemu kubwa ya maji kupunguza naitreti iliyobaki, nikampigia muuzaji wa Kigoma mwenye kibali. Nilimwambia aanze na wachache, wengine watafuata baada ya hao kutulia.

Walikuja kwa treni, kwenye mifuko iliyojazwa hewa ndani ya boksi jeupe, mikononi mwa mtu wa muuzaji aliyekuwa na safari zake. Walipita njia ambayo baba aliitumikia ujana wake. Nilipofika nao nyumbani, baba alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na amenyoa ndevu.

Nilielesha mifuko juu ya maji, nikaifungua, nikawa natia maji ya tangi kidogokidogo wayazoee. Baba hakuniharakisha. Kisha nikawachota kwa wavu mmoja mmoja nikawaachia, na maji ya safari nikayamwaga nje.

Wakatoweka. Ghafla, wote, ndani ya mawe. Tangi likawa tupu kama lilivyokuwa miezi yote.

"Zima taa," alisema baba. "Na wote mkae chini. Mgeni hujitokeza akiona nyumba imetulia."

Tulikaa. Shangazi alikaa sakafuni karibu na miguu ya kaka yake. Mwanga ulikuwa ule wa dirishani tu. Baba aliinama mbele taratibu, mkono juu ya fimbo, kidevu juu ya mkono, mpaka uso wake ukawa karibu kugusa kioo, na nikaelewa kwamba sasa amelala juu ya mwamba wake.

Alitoka mdogo kuliko wote, chini ya lile jiwe kubwa la kushoto. Manjano kabisa, manjano ya ndani ya embe. Alisimama majini akatutazama, akarudi, akatoka tena na mwenzake. Baba alisema neno moja kwa Kiha, lugha ambayo sikuwahi kufundishwa, na shangazi akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. Sikuuliza maana yake. Nililia na mimi, waziwazi, na safari hii sikuuma kanga.

Baba aliwatazama kiangazi chote. Hakufa hata samaki mmoja. Nalisema hili kwa majivuno na sitaomba radhi. Aliwajua kwa tabia zao, akawapa vyeo vya reli, kuna mnyapara, kuna mpiga bendera, kuna mmoja mkorofi aliyemwita mkaguzi. Kaka alikuja kutoka Dar es Salaam, akakaa mbele ya kioo na baba kutwa nzima, na alipokuwa anaondoka alinishika bega bila kusema kitu, jambo ambalo kwa kaka yangu ni hotuba ndefu.

Mvua za kwanza zilipokuwa zinakaribia, baba aliondoka, kwenye kiti chake, mchana, taa ya tangi ikiwa inawaka. Tulimpeleka Kibakwe tukamlaza karibu na mama.

Lakini kabla ya safari hiyo msiba ulikuwa kwangu. Makochi yalitolewa nje, mikeka ikatandikwa, na wanawake wa mtaani wakaja kama inavyopasa, na mafagio, na ndoo, na sabuni. Mfiwa hafanyi kazi. Anakaa mkekani, anashikwa mkono, anapewa chai. Shangazi alikuwa amekaa ukutani, amejifunika kanga mpaka usoni, tangu asubuhi hajainuka wala kusema. Mama mmoja mwema, mwenye mikono ya kazi, alimaliza kupiga deki akalitazama lile tangi. Mawe yalikuwa yameota ukijani, sponji ilikuwa na rangi ya udongo. Akasogeza ndoo yake.

"Na hili tulioshe kidogo," alisema, "wageni wa mbali wanakuja."

Shangazi aliinuka. Wanawake wawili walijaribu kumshika wakidhani anaanguka, akawapita. Akasimama mbele ya kioo, akaishika kanga yake kwa mikono miwili na kuitanua mbele ya tangi.

"Msiguse," alisema. "Uchafu huu ni wa kaka yangu."